Mwili Unasafiri Lini?

Nyanya yangu alifariki alfajiri ya Jumanne, na kufikia alasiri tulikuwa tumeshamzika. Jumatano asubuhi nikawasha simu nikakuta ujumbe wa M-Pesa kumi na tatu kutoka kwa watu wa kazini. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi mtu alikuwa ameandika, kwa upole kabisa: "Pole sana dada. Mwili unasafiri lini? Tunataka kupanga basi."

Nataka mjue kwamba watu wa ofisi yetu ni wazuri. Walikuwa wamepiga hesabu ya mafuta. Wawili walishaomba ruhusa ya Ijumaa, na mmoja alikuwa amejitolea kununua maji ya kunywa njiani. Walichokosa ni jina la mahali tu. Nikaandika: "Asanteni sana. Tulimzika jana, hapa Kibra." Kundi likanyamaza. Baada ya dakika tano hivi meneja wangu, mama ambaye nampenda kwa dhati, akanipigia. "Woiye. Na kwani hamkuweza kumpeleka nyumbani? Ungetuambia, tungewasaidia."

Nyumbani. Nyanya alizaliwa Makina mwaka 1937, akaolewa Lindi, akarudi Makina alipofiwa na mume. Kutoka chumba alichozaliwa hadi kaburi lake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na hiyo ni ukisimama kusalimia watu. Ningemjibu nini meneja? Nilisema, "Tumemzika nyumbani, mama," naye akasema, "Sawa, mpenzi, Mungu awape nguvu," kwa ile sauti ya mtu anayedhani umekosa pesa na unaona haya kusema.

Mimi ni Mnubi. Ukizaliwa Nairobi ukiwa Mnubi, unajifunza mapema kwamba matusi ni rahisi kuliko wema. Anayenitusi najua nitamjibu nini. Lakini utamfanyaje mtu anayekwambia, huku akitabasamu, "Aki wewe una bahati, hauna kabila"? Au yule wa chuo aliyeniuliza ushago ni wapi, nikamwambia Kibra, akacheka akidhani natania, kisha akauliza tena polepole, kama anamsaidia mtoto: "Hapana, kwenu *kwenu*"? Nimesifiwa Kiswahili changu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "Unaongea kama mtu wa Mombasa!" Nimefika Mombasa mara mbili.

Na kabla hamjanihurumia sana, niseme langu. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka simu kwa fundi mjini, kijana Mhindi. Alikuwa anaongea Kiswahili cha mtaani kilichonyooka, na Sheng ndani yake. Nikamwambia kwa furaha ya kweli, "Kiswahili chako kiko safi! Ulijifunzia wapi?" Akanitazama kidogo, akarudi kwenye bisibisi yake. "Ngara," akasema. Alizaliwa hapo, na baba yake pia. Nilitoka kwenye kile kibanda nikijua kabisa nilichomfanya, kwa sababu nilikuwa nimefanyiwa hicho hicho wiki hiyo hiyo.

Kwa hivyo swali la "kwenu ni wapi" halinisumbui kwa sababu wanaouliza ni wabaya. Linanisumbua kwa sababu limekuwepo kabla yao, na kabla ya nyanya, na ukilifuata nyuma unalikuta kwenye makaratasi ya serikali.

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ya 1880 kulikuwa na jeshi la Misri kusini mwa Sudan, katika jimbo lililoitwa Equatoria, chini ya gavana Mjerumani aliyejulikana kama Emin Pasha. Askari wake wengi hawakuwa Wamisri. Walikuwa watu wa huko huko kusini na majirani zake, wengi wao walioingia jeshini kwa kutekwa au kwa kutolewa utumwani: Wabari, Wadinka, Wamoru, Wakakwa, Waluru, Walendu. Wafuasi wa Mahdi walipouteka mji wa Khartoum mwaka 1885, jeshi hilo likakatwa na dunia. Mwaka 1889 Emin Pasha akaondoka na msafara wa Stanley, na sehemu kubwa ya askari ikabaki karibu na Ziwa Albert, bila mshahara, bila serikali, na familia zao mgongoni.

Mwaka 1891 akatokea Frederick Lugard, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Alihitaji askari, nao walihitaji bendera ya kusimama chini yake. Wakamfuata Uganda, wao na maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Hao ndio waliokuja kuitwa Wasudani, na baadaye Wanubi. Ndani ya kambi hizo makabila mengi yaliyeyuka na kuwa watu wa aina moja, wenye dini moja na lugha moja, Kinubi, ambayo imejengwa juu ya Kiarabu cha kambini. Lakini hayakuyeyuka yote. Ukitembea Kibra leo utapita Kambi Lendu, Kambi Aluru na Kambi Muru. Watu hupita hapo kila siku wakienda kazini bila kujua kwamba wanakanyaga majina ya makabila.

Hawakuwa vibaraka watulivu vile wengine husema. Mwaka 1897, baada ya kuchoshwa na safari za vita zisizoisha na mshahara duni, wengi wao waliasi, na uasi huo uliwatikisa Waingereza kule Uganda kwa miezi mingi. Lakini pia sitawasafisha. Walitumika kuwapiga watu. Mwaka 1902 walikuwemo katika msingi wa jeshi la King's African Rifles, KAR, na jeshi hilo lilitumwa kwenye nchi za Waafrika wenzao kuwanyamazisha kwa bunduki. Jirani anapokumbuka hilo, ana haki ya kukumbuka. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kwa sababu babu wa babu yangu alivaa sare ya Mwingereza, basi mimi ni mgeni wa Mwingereza, na nilipaswa kuondoka naye.

Walipostaafu wangeenda wapi? Kurudi Sudan hakukuwa na maana, kwani wengi walishakata mizizi, na watoto wao walizaliwa njiani. KAR ikawaweka msituni pembeni mwa Nairobi, karibu na reli. Kinubi kinauita msitu *kibra*. Kuanzia mwaka 1912 jeshi lilitoa pasi za shamba kwa askari waliotumikia miaka 12 au zaidi: kipande cha karatasi kinachosema fulani aruhusiwe kujenga na kulima hapa. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197.

Nyanya alikuwa anasimulia kuhusu pasi ya babu yake kama watu wengine wanavyosimulia kuhusu mti wa ukoo. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya kitambaa, na mchwa waliila kabla mimi sijazaliwa. Sijui kama iliwahi kusema neno "miliki" hata mara moja. Naamini haikusema.

Sasa, hapa ndipo lile swali la basi linapozaliwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ramani kichwani. Kila "mwenyeji" alikuwa na kabila, kila kabila lilikuwa na rizavu, na kila mtu mweusi aliyeonekana Nairobi alikuwa mpita njia. Mjini ulikuja kufanya kazi. Kwenu kulikuwa kule, ulikoandikiwa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia wanaume walining'inizwa kipande shingoni, na kipande hicho kilitaja kabila na mahali walikotoka. Ukiishiwa na kazi, ulitakiwa urudi rizavu. Ukizeeka, rizavu. Ukifa, rizavu.

Lakini Mnubi hakuwa na rizavu. Aliharibu hesabu. Mwaka 1928 Kibra ilitolewa mikononi mwa jeshi ikawekwa chini ya utawala wa kiraia, na kutoka hapo mabwana wakubwa walishinda wakiandikiana barua: hawa watu tuwafanyeje? Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1934, iliwatazama ikasema kwamba hawakuwa na haki ya ardhi ile, walikuwa wakikaa kwa hisani ya Serikali tu. Hata hivyo tume haikuwa katili. Ilisema Serikali ina wajibu kwa askari hawa wazee: ama iwarudishe makwao, ama iwatafutie mahali pa kukaa.

Iwarudishe makwao! Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona meneja wangu palepale, na moyo wake mzuri, akipanga basi. Tume ile iliona ilikuwa inafanya wema. Iliona deni. Kitu pekee ambacho haikuweza kuona ni kwamba wale watu walikuwa wamefika. Mwaka huo 1934 watoto waliozaliwa Kibra walikuwa tayari wanazaa watoto Kibra.

Hawakurudishwa popote, wala hawakutafutiwa mahali pengine walipokubali. Hawakujengewa maji wala barabara pia, kwa sababu huwezi kumjengea mtu ambaye bado unafikiria kumhamisha. Na kijana wa Kinubi hakuacha kuitwa jeshini. Baba yake nyanya alikwenda Burma na KAR katika vita vya pili. Alirudi na kikohozi na koti zito lililokuwa linatumika kama blanketi nyanya alipokuwa mtoto.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1963, ramani ile ilibadilishwa rangi. Rizavu zikawa wilaya, na neno "ushago" likaja kukaa mahali pa rizavu, neno tamu lenye harufu ya moshi wa kuni na Krismasi. Nalipenda neno hilo, na nimewahi kualikwa ushago za watu nikala mahindi mpaka nikaumwa tumbo. Lakini mantiki yake haikuguswa. Mkenya kamili ni yule mwenye nyumba mbili: moja ya kulala na moja ya kuzikwa. Mwenye moja tu anatiliwa shaka. Katika kuhesabu watu, Wanubi wakawa chini ya "Wengine". Ilikuwa hadi sensa ya 2009 ndipo tulipopata namba yetu wenyewe kwenye orodha ya makabila. Ardhi nayo ikaendelea kupungua. Mitaa kama Jamhuri, Ayany na Fort Jesus ikajengwa, nyumba nzuri za mawe, na waliokuwa na mihogo yao hapo wakaambiwa ardhi ni ya Serikali.

Kuna kitu nilikiona nikiwa mtoto ambacho kwa muda mrefu sikukielewa. Ilikuwa Januari 2008, baada ya uchaguzi. Soko la Toi lilikuwa limeharibiwa, na moshi ulikuwa umeingia hadi kwenye nguo kabatini. Baba alitoka kutafuta unga, na mimi nikamfuata kwa siri, upumbavu wa mtoto. Kwenye kizuizi cha mawe na mataili vijana walikuwa wakiuliza watu vitambulisho ili wasome majina. Walimsimamisha baba. Kabla hajafungua mdomo, kijana mmoja aliyekuwa akinunua maandazi kwetu akasema kwa sauti: "Huyo mzee muwache. Huyo ni Mnubi, hana kabila. Haya mambo ni ya wenyewe."

Wakampisha. Baba alirudi na unga. Yule kijana alituokoa, na sijawahi kumlaumu, na kila mara nikimwona namsalimia kwa heshima. Lakini baba usiku ule hakula. Alikaa mlangoni na redio, na mama alipomuuliza ana nini akajibu, "Ameniambia mambo ni ya wenyewe." Akarudia, kama anayejaribu funguo kwenye kufuli: "Ya wenyewe." Miaka sita kabla ya hapo, mwishoni mwa 2001, Kibra iliwaka kwa sababu ya kodi za nyumba, na wakati huo tulikuwa wenyewe kupita kiasi, wenye nyumba, wanyonyaji. Mwaka 2008 hatukuwa hata wa kupigwa.

Nilipotimiza miaka kumi na minane, mwaka 2017, nilienda kuchukua kitambulisho. Rafiki zangu wa darasani walipeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, wakapigwa picha, basi. Mimi nilitakiwa nipigwe msasa na kamati kwanza: niende siku maalumu, na karatasi za baba, za mama, na za babu kama zipo, niulizwe maswali na wazee mbele ya maafisa. Karani aliyenipokea alikuwa mpole ajabu. Alinipa kiti. Aliniambia, "Usiogope, msichana wangu, tunataka tu kujua kama wewe ni wa hapa. Ni kwa faida yenu, kuna watu hujifanya Wanubi." Niliambiwa nirudi mara nne. Kila mara alinipa kiti.

Mimi si wa kwanza. Kufikia hapo jambo hilo lilikuwa limeshafika mbali: Machi 2011 kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa tangu iundwe, ilisema kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Uamuzi wa kwanza kabisa! Bara zima, na shida zake zote, na faili la kwanza juu ya meza ni letu. Nyanya alipoelezwa alicheka hadi akashika mbavu. "Tumekuwa wa kwanza kwa kitu," akasema.

Mwaka huo huo wa kitambulisho changu kulikuwa na msimu wa kupewa. Februari Wamakonde, ambao walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, walitambuliwa kuwa kabila la 43. Julai Wahindi wakatangazwa kuwa la 44. Katikati, mwezi Juni, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hatimiliki ya ekari 288 za Kibra. Kulikuwa na ngoma, na wanawake wamevaa gurbaba, na wazee wanalia. Nami nililia. Ni kitu kikubwa, na anayekudharau hajawahi kulala akijua kwamba kitanda chake kiko juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Lakini fanya hesabu: 288 kati ya 4,197 haifiki asilimia saba. Nyanya hakwenda kwenye sherehe kwa sababu ya magoti. Alifuatilia kwenye runinga. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akasema kwamba sasa Wanubi wamekaribishwa rasmi katika familia ya Wakenya. Nyanya akaniambia nipunguze sauti. "Amenikaribisha," akasema. "Hebu muulize mama yake alizaliwa lini."

Nimekuwa nikifikiria neno hilo, kukaribisha. Anayekaribisha lazima awe ndani na anayekaribishwa lazima awe nje, hata kama amekaa sebuleni miaka mia moja. Sidhani mtangazaji yule alilipima. Sidhani fundi wa simu aliona chochote cha ubaya kwenye uso wangu nilipomsifu, na hilo ndilo lililomfanya akose la kusema zaidi ya "Ngara".

Kuhusu ile pesa ya basi. Nilitaka kuirudisha, mama akakataa. Kurudisha mchango wa msiba ni kumtukana mtu. Tukaamua iingie kwenye chakula cha kisomo. Jumamosi, watu kumi na mmoja kutoka ofisini wakaja. Walipanda matatu kutoka mjini, nusu saa na foleni. Lakini walikuwa wamevaa kwa safari: masweta, leso mabegani, chupa za maji, mmoja na kofia ya jua. Walikaa kwenye mikeka wakala pilau, wakapewa mifuniko ya chakula ya ukili aliyosuka nyanya wapitishe mkono kwa mkono, wakashangaa rangi zake. Meneja aliomba kuonyeshwa kaburi.

Tulitembea hadi uani mwa makaburi, tukasimama kwenye ua. Nikamwonyesha kwa kidole: lile la udongo mpya, na pembeni yake babu, na nyuma yao baba yake nyanya, yule wa Burma, na kule kwenye nyasi ndefu, ambapo mawe yamezama hadi hayaonekani, yule wa pasi ya shamba. Alitazama muda mrefu. Akahesabu kwa midomo, bila sauti.

"Kwa hivyo ushago ni hapa," akasema.

"Ni hapa, mama."

"Na wewe pia utakuja kulala hapa?"

Nikatazama kulikobaki nafasi, kona ya upande wa reli, makaburi matano au sita hivi kama watachimba wakibana. "Nikiwahi," nikamwambia.